Alama Ndogo kwenye Kope la Binti Yangu



Wengi wenu mnanifahamu kama mwalimu wa mwaka wa tano, yule anayepita asubuhi na mfuko wa daftari begani na mtoto mkononi. Leo siandiki juu ya masomo. Katibu wa chama aliniomba mara tatu niandike habari ya jicho la binti yangu, na mara tatu nilikataa, kwa sababu ndani yake kuna pahali ninapoonekana vibaya. Lakini kwenye mkutano wetu wa siku ya posho iliyopita, mama mmoja kijana alifunua kitenge alichomfunika mtoto wake, nikaona kwenye kona ya jicho kitu ninachokifahamu. Akasema, "Wameniambia kitaisha chenyewe." Usiku huo, watoto walipolala, nikashika kalamu.

Binti yangu alizaliwa mapema, mimba ikiwa na wiki 35, na uzito wa kilo 2 na gramu 100. Alikuwa mdogo lakini alinyonya vizuri, na kwa hiyo tulirudi nyumbani mapema. Siku ya 15 hivi, nilipokuwa nikimwogesha mlangoni ili nipate mwangaza, niliona doa dogo kwenye kope la juu la jicho la kushoto, kama pahali mbu alipouma. Nikafikiri ni mbu kweli. Hapa Bukavu nani anashangaa mbu?

Doa halikuondoka. Kila juma lilikuwa limeongezeka kidogo. Watu wengi wanafikiri alama ya damu inapaswa kuwa nyekundu kama nyanya, lakini ngozi yetu ni nyeusi, na damu iliyo chini yake haionekani vile. Kwa binti yangu ilikuwa kama kivuli, kisha ikawa na rangi ya ganda la marakuja lililoiva. Kama doa hilo lingekuwa jekundu, labda ningeogopa mapema.

Kila mtu aliyekuja kumwona mtoto alikuwa na maelezo yake. Mama mkwe wangu alisema ni alama ya ukoo, kwamba shangazi yake babu wa mtoto alikuwa nayo. Jirani mmoja akasema nilipokuwa na mimba nilitamani chakula nikakikosa, na katika kutamani nikajishika jicho. Mwingine akaniambia nilikande kwa kitambaa cha moto. Mimi mwalimu, mwenye diploma ya ualimu, mwenye kuwafundisha watoto wa watu sehemu za mwili, nilisikiliza yote, na usiku nilianza kuhesabu vyakula nilivyovitamani.

Mtoto alipofika mwezi mmoja nilimpeleka siku ya kupima watoto. Muuguzi alitazama kope, akaandika uzito kwenye karatasi, akaniambia, "Mama, usiogope. Hizi huisha zenyewe." Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu. Nikashukuru, nikatoka.

Hapa ndipo ninapoonekana vibaya. Nililipenda jibu lile kwa sababu halikuhitaji feza. Mshahara ulikuwa umechelewa, tulikuwa na deni la nyumba, na mtu wa kanzu nyeupe alikuwa ameniruhusu nisifanye kitu. Niliporudi nyumbani nilirudia maneno yake kwa kila aliyeuliza. Nilipoona wiki ya sita kwamba doa limekuwa uvimbe wa ukubwa wa punje ya haragi, nilirudia maneno yale yale. Wiki ya nane uvimbe ulikuwa umevuta kope chini, na mtoto akifungua macho, la kulia lilifunguka lote, la kushoto nusu. Bado nilisema, "Wameniambia litaisha."

Na muuguzi hakunidanganya. Nilikuja kufahamu baadaye kwamba alama nyingi za namna hii, zikiwa mgongoni, mkononi au tumboni, hupungua zenyewe bila dawa. Jambo ambalo hatukuliuliza, yeye na mimi, ni moja tu: iko wapi? Ikiwa mgongoni, mama anaweza kungoja. Ikiwa kwenye kope, haifai kungoja.

Jioni moja ya wiki ya tisa, ndugu mmoja wa mume wangu alikuja na mzee anayekata watu kwa wembe ili kutoa damu mbaya. Mzee alitazama uvimbe, akasema ni kazi ndogo, mikato mitatu. Nilikuwa nimechoka. Nawaambia ukweli, nilikuwa nimeanza kumgeuza mtoto ili aone vizuri. Mama mkwe wangu alikuwa akimenya mihogo pale chini. Akauliza bila kuinua kichwa, "Na damu ikikataa kusimama, mzee, wewe utaifunga na nini kwenye jicho?" Mzee hakuwa na jibu. Akarudisha wembe wake kwenye karatasi.

Leo ninajua kwamba uvimbe ule ulikuwa fundo la mishipa ya damu tupu. Kila nikimwona mama mkwe wangu akimenya mihogo, namshukuru moyoni.

Siku iliyofuata nilikuwa bado katika likizo ya uzazi, na wanafunzi wangu watano walikuja kunisalimu. Walileta sabuni mbili na sukari. Msichana mmoja, mwenye maswali mengi, alimtazama mtoto muda mrefu kisha akaniuliza, "Mwalimu, wewe ulitufundisha kwamba jicho peke yake halioni, ni ubongo unaojifunza kuona. Sasa jicho hili lililofungwa, linajifunza namna gani?"

Somo hilo nililitoa mimi, kwa chaki yangu. Nilikuwa nimechora jicho kubwa ubaoni, na mshipa unaotoka nyuma kwenda kwenye ubongo. Sikumjibu yule mtoto. Niliwapa maandazi, nikawaaga, nikaingia chumbani kulia.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mama anayesimamia likelemba yetu. Zamu ya juma lile haikuwa yangu, ilikuwa ya mama anayeuza sambaza sokoni Kadutu, naye alikuwa amepanga kununua mabati. Alipoona jicho la mtoto aliniambia, "Mwalimu, chukua. Mimi nitaezeka zamu yako ikifika." Hakutaka tuandike karatasi.

Daktari wa macho tuliyemwona alikuwa mama wa umri wangu. Nataka niwaeleze alivyofanya kazi, hatua kwa hatua, kwa sababu mimi nilifikiri angetazama mara moja na kutoa jina la ugonjwa. Haikuwa hivyo. Alianza na maswali, na swali la kwanza lilikuwa hili: "Alizaliwa nao?"

Nikajibu bila kufikiri, "Ndiyo, Docta. Ni wa kuzaliwa." Nilikuwa nimesikia maneno "alama ya ukoo" mara nyingi hivi kwamba niliyaamini.

Akaniuliza kama nina picha za mtoto kwenye simu. Nilikuwa nazo, kama mama yeyote. Tukarudi nyuma pamoja, picha kwa picha, mpaka ile ya siku ya tatu, mtoto akiwa mikononi mwa baba yake. Daktari akaivuta picha ikawa kubwa. Kope la kushoto lilikuwa safi kabisa. Akanionyesha: siku ya tatu hakuna kitu, wiki ya tatu doa, wiki ya sita punje, wiki ya tisa uvimbe. Akasema, "Mama, picha hizi zimenisaidia kuliko mashine."

Kwa nini swali hilo lina uzito? Kwa sababu uvimbe wa mishipa ya damu kwa watoto una namna mbili kubwa, na kwa miaka mingi hata waganga waliziita kwa jina moja. Mwaka 1982, huko Boston Marekani, watafiti wawili, John Mulliken na Julie Glowacki, walionyesha kwamba ni vitu viwili tofauti. Namna ya kwanza ni mishipa iliyoumbika vibaya tangu tumboni. Mtoto huzaliwa nayo, hata kama haionekani mara moja, nayo hukua polepole pamoja na mtoto na haipungui. Namna ya pili ni uvimbe unaoitwa hemanjioma ya watoto wachanga. Huo kwa kawaida hauonekani siku ya kuzaliwa, au unaonekana kama doa dogo tu. Unatokea katika wiki za kwanza, unakua kwa haraka sana, kisha unasimama, kisha unapungua taratibu kwa miaka. Huwapata wasichana zaidi kuliko wavulana, na watoto waliozaliwa kabla ya wakati zaidi kuliko wengine. Binti yangu alikuwa na yote mawili. Hausababishwi na kutamani chakula, wala na kujishika uso.

Hemanjioma yenyewe si jambo la ajabu kwa watoto wachanga. Kukaa kwenye kope au nyuma ya jicho ndiko nadra, na ndiyo sababu mtu anaweza kufanya kazi miaka mingi kwenye kituo kidogo bila kuona mtoto wa namna hiyo.

Baada ya maswali, daktari aliugusa uvimbe. Ulikuwa na joto kidogo na laini kama unga uliokandwa. Mtoto alipolia, ulijaa zaidi. Kisha akaniomba nimvue mtoto nguo zote. Nikashangaa, maana tulikuja kwa jicho. Akamtazama kichwani, mgongoni, chini ya makwapa, akakuta doa jingine dogo kiunoni ambalo mimi mama yake sikulifahamu. Alinieleza kwamba mtoto akiwa na madoa kama hayo matano au zaidi, hupimwa ini, kwa sababu uvimbe unaweza kuwa na mwenzake ndani. Na kama doa ni pana na limefunika sehemu kubwa ya uso, hupimwa pia moyo na mishipa ya kichwa. Binti yangu alikuwa na mawili tu.

Kilichofuata ndicho kilichonivunja. Daktari alifunika jicho la kushoto, lile gonjwa, kwa kiganja chake. Mtoto hakujali, akaendelea kutazama taa. Kisha akafunika la kulia, lile zima. Mtoto akaanza kupiga kelele, akasukuma kichwa huku na huku. Daktari akarudia mara tatu, na mara tatu ikawa vile vile. Hakunieleza mara moja. Nilielewa mwenyewe. Ukimfunika mtoto jicho anamoonea, analia. Ukimfunika lile asilolitumia, hajali.

Akatia matone ya kupanua mboni, tukangoja, kisha akatazama ndani kwa taa yake. Nyuma ya jicho palikuwa pazima. Lakini uvimbe ulikuwa ukikandamiza kioo cha mbele cha jicho, kile kinachoitwa konea. Alinieleza kwa mfano wa mpira: ukiukalia mpira unakuwa kama yai, na jicho la namna hiyo linaleta picha iliyopotoka hata likiwa limefunguka. Kwa hiyo binti yangu alikuwa na mambo mawili: kope linalofunika, na konea inayobonyezwa. Jicho lenyewe si bovu, lakini ubongo unapokea picha mbaya kutoka upande mmoja, na mwishowe unaacha kuisikiliza. Waganga huliita jicho vivu. Ubongo wa mtoto unajifunza kuona kwa nguvu zaidi katika miezi ya kwanza, na unaendelea mpaka miaka saba au minane hivi. Kisha mlango huo unakuwa mgumu kufungua.

Mwisho walifanya ekografia ya kutazama mwendo wa damu. Kwenye kioo niliona rangi zikicheza ndani ya uvimbe, damu nyingi ikipita kwa haraka. Walitafuta pia kama uvimbe umeingia nyuma ya jicho. Haukuingia sana. Kama ungeingia, au kama picha zisingekuwa wazi, wangetutuma pahali penye mashine kubwa ya kupiga picha ya kichwa. Kukata kipande cha uvimbe ili kukipima hufanywa mara chache, wakati waganga wana mashaka.

Nilimuuliza daktari kwa nini amefanya mambo mengi hivyo, kama tangu mwanzo alifikiri ni hemanjioma. Akaniambia kwamba si kila uvimbe wa jicho la mtoto ni huo, na mingine haipaswi kungojewa hata juma moja. Kuna saratani ya misuli inayosukuma jicho la mtoto nje katika siku chache au wiki chache. Kuna saratani ya ndani ya jicho, ambayo mama huiona kama mboni nyeupe, hasa kwenye picha ya simu iliyopigwa na mwanga. Kuna maambukizi, ambayo huja na homa, maumivu na ngozi ya moto. Kuna uvimbe wa mishipa ya maji ya mwili, ambao hujaa ghafla mtoto akipata mafua, au ukivuja damu ndani yake. Na kuna doa bapa la kuzaliwa, lisilovimba, linalofunika kope na paji la uso, ambalo linaweza kwenda pamoja na shinikizo kubwa ndani ya jicho na degedege. Kwa macho ya jirani, yote haya ni "uvimbe wa jicho".

Sasa dawa. Inaitwa propranolol, nayo si mpya. Imetumika tangu miaka ya 1960 kwa watu wazima wenye magonjwa ya moyo na shinikizo la damu. Kwamba inapunguza hemanjioma iligunduliwa bila kutafutwa. Huko Bordeaux, Ufaransa, daktari Christine Léauté-Labrèze na wenzake walikuwa na mtoto mwenye hemanjioma puani. Dawa aliyopewa kwanza ilifuatwa na ugonjwa wa moyo, na kwa ajili ya moyo huo akapewa propranolol. Kesho yake uvimbe ulikuwa umebadilika rangi na kuwa laini. Wakajaribu kwa wengine, na mwaka 2008 wakatangaza habari ya watoto 11. Tangu hapo ndiyo dawa ya kwanza kwa hemanjioma yenye hatari.

Wamama, tafadhali someni sehemu hii mara mbili. Kwa sababu dawa hii iko kwenye famasi nyingi na si ghali, mtu anaweza kufikiri atainunua tu na kumkatia mtoto kipande. Msithubutu. Inapunguza mapigo ya moyo, inaweza kubana kifua cha mtoto mwenye pumu, na inaweza kushusha sukari ya damu mpaka mtoto azimie, hasa akiwa hajanyonya. Binti yangu alipimwa moyo kwanza. Tulilala hospitalini siku mbili za mwanzo, wakimpima mapigo na sukari. Kipimo kilihesabiwa kwa uzito wake, na kilibadilishwa alipoongezeka. Na nilipewa sheria moja niliyoiandika ukutani kwa chaki: anyonye kwanza, kisha dawa. Akikataa kunyonya, akitapika, akiharisha au akikohoa kwa kubanwa, dawa isitolewe, apelekwe hospitali.

Sheria hiyo tuliihitaji. Usiku mmoja aliharisha na kukataa ziwa. Mume wangu alisema tusiruke dawa, uvimbe utarudi. Nikamwonyesha ukuta. Hatukutoa dawa, na alfajiri tukampeleka. Sukari yake ilikuwa chini kidogo. Kama tungempa dawa juu ya njaa ile, sipendi kuwaza.

Siku ya tatu ya matibabu rangi ya uvimbe ilianza kufifia. Baada ya siku kumi hivi, asubuhi, nikimnyonyesha, alinitazama kwa macho mawili. Nilimwita mama mkwe wangu aje aone. Alikuja na mikono yenye unga, akatazama, akasema, "Basi, karibu, mjukuu wangu," kama mtu anayempokea mgeni.

Ningependa kumalizia hapo, lakini haiishii hapo. Dawa iliendelea mpaka alipopita mwaka mmoja. Uvimbe ulipungua, lakini konea haikunyooka yote, na ubongo ulikuwa umeshazoea kumwamini jicho la kulia. Alivaa miwani kabla ya kufikisha miaka miwili. Tena tulipaswa kufunika jicho zima saa mbili kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Ninyi mnaojua watoto wa umri huo mnaweza kufikiri vita vilivyokuwepo. Alibandua kifuniko, alikitupa, alikitia kwenye chungu. Majirani waliniuliza kwa nini ninafunga jicho zuri na kuacha lile baya. Mama mkwe wangu ndiye aliyeshinda. Alishona kifuniko kidogo cha kitenge cha kuvalisha upande mmoja wa miwani, akashona kingine cha kitenge hicho hicho kwa mwanasesere. Daktari alikikagua akaona hakiachi mwanya wa kuchungulia. Saa mbili hizo bibi na mjukuu walikuwa wakichambua haragi pamoja, kazi ya macho kweli kweli.

Leo ana miaka sita, yuko mwaka wa kwanza. Kwenye kope imebaki ngozi iliyolegea kidogo, na mtu asiyejua hawezi kuiona. Jicho la kushoto linaona, anasoma nalo herufi kubwa na za kati. Za chini kabisa kwenye ubao wa daktari hazioni. Nilimuuliza daktari lingekuwaje kama ningekuja wiki ya nne, siku ile ya kupima watoto, badala ya wiki ya kumi. Hakunidanganya. Alisema hemanjioma hukua kwa kasi zaidi kati ya wiki ya tano na ya nane, na kwamba mtoto mwenye doa karibu na jicho anapaswa kuonwa akiwa na mwezi mmoja au kabla. Kisha akasema, "Lakini ulikuja." Nimebeba maneno hayo yote mawili.

Kwa wamama wenye watoto wachanga, na kwa vikundi vyetu, naacha mambo machache ya kushika:

Mtazame mtoto usoni kwa mwangaza wa mchana kila juma, katika miezi mitatu ya kwanza. Kwenye ngozi yetu usitafute wekundu tu. Tafuta kivuli, rangi ya marakuja, au pahali palipovimba.

Piga picha moja ya uso kila juma na usiifute. Kama huna simu, mwenzako wa kikundi anayo.

Funika jicho moja kwa kiganja, kisha la pili, mtoto akiwa ameshiba na ametulia. Akilia upande mmoja tu, mpeleke kwa mganga wa macho.

Doa lolote kwenye kope, kope linalofunika mboni, jicho linalosukumwa nje, mboni nyeupe: usingojee siku nyingine ya kupima watoto. Nenda. Ukiambiwa "litaisha lenyewe", uliza kwa heshima, "Hata likiwa hapa kwenye jicho?" Na ukiwa na uvimbe wenye homa au maumivu, nenda siku hiyo hiyo.

Usikate kwa wembe, usikande kwa moto, usitie majani wala dawa ya meno. Na usinunue propranolol bila mganga aliyempima mtoto.

Yule mama kijana wa siku ya posho, nilikwenda naye juzi. Tulipanda moto mmoja, mtoto katikati yetu. Ana wiki tano. Swali la kwanza la daktari lilikuwa lile lile, na mama akafungua simu yake kutafuta picha ya siku ya kwanza. Nilitoka nje nikawangojea kwenye benchi, kwa sababu si habari yangu tena. Likelemba ya juma hili tumekubaliana iende kwake.

Ni mimi mwenzenu, mwalimu wa mwaka wa tano, Bukavu.